Majuto ya akwaria huanzia dukani

Samaki wa mapambo hununuliwa kwa rangi na udogo wa siku ile. Yanayofuata nyumbani, kuanzia maji kuchafuka hadi samaki kuzidi tangi, yalijulikana kabla fedha haijatoka mfukoni.

Pleko mchanga, kambale wa Amerika Kusini anayefyonza kioo, huuzwa akiwa na urefu wa kidole. Muuzaji humtia kwenye mfuko wa nailoni, humjazia oksijeni, hufunga kwa mpira na kumwambia mteja kwamba huyu ndiye mfagizi wa tangi, ukoga wote atamaliza. Katika safari hiyohiyo mteja huondoka na tangi la lita 20, mfuko wa changarawe za bluu, samaki wawili wa dhahabu na kopo la chakula. Jioni vyote viko sebuleni na watoto wamesogea mbele ya kioo.

Wiki ya pili maji yameingia ukungu. Samaki wa dhahabu wanahema juujuu, midomo ikigusa hewa, na mmoja ana mapezi yaliyoanza kulika. Pleko huenda akapona, maana ni mgumu wa kufa, lakini akikomaa atafika sentimita 40 hadi 50, wakati tangi alilonunuliwa nalo lina urefu wa sentimita 40 tu.

Hadithi hiyo hujirudia Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa kama inavyojirudia London. Vitu vyenyewe si vibovu. Shida ni kwamba kila kimoja kina mahitaji ambayo mnunuzi hakuyasikia wakati wa kulipa.

Maji yanayoonekana safi

Kosa linaloua samaki wengi zaidi ni kununua tangi na samaki siku moja. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na kinyesi pamoja na mabaki ya chakula huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio na kwenye changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Tangi jipya, hata maji yake yakiwa meupe kiasi gani, halina mlinzi huyo.

Ukali wa amonia hubadilika kulingana na maji yenyewe. Kwenye nyuzi joto 25 na pH 7, chini ya asilimia moja ya amonia iko katika umbo lenye sumu kali. pH ikipanda hadi 8, sehemu hiyo hufika kama asilimia 5, na kwenye 9 huzidi theluthi moja. Kwa mfugaji wa pwani anayechota kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, jambo hili ni zito. Maji hayo kwa kawaida ni magumu na yenye alkali, tena ya joto, kwa hiyo kiasi kilekile cha uchafu humuumiza samaki wake zaidi kuliko wa mtu mwenye maji laini ya baridi.

> Kwenye nyuzi joto 25, sehemu ya amonia yenye sumu kali hupanda kutoka chini ya asilimia 1 maji yakiwa na pH 7 hadi zaidi ya theluthi yakiwa na pH 9.

Samaki wa kwanza wakifa, mnunuzi hurudi dukani, na hapo huanza mfululizo wa pili wa manunuzi ya kujutia: chupa za dawa. Ipo ya kung'arisha maji, ipo ya kuua mwani, ipo ya kushusha pH. Hii ya mwisho ndiyo inayodanganya kuliko zote. Kaboneti zilizoyeyuka katika maji magumu huirudisha pH juu baada ya muda mfupi, mfugaji hutia tena, na samaki hujikuta wakipandishwa na kushushwa kila siku. Wengi huvumilia pH isiyo yao ikiwa imetulia. Kuyumba ndiko kunakowamaliza.

Chupa moja inayostahili fedha yake ni ya kuondoa klorini, kwa kuwa maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, nayo haichagui kati ya vijidudu vya maradhi na bakteria wa kichujio. Kuyaacha maji kwenye ndoo wazi kwa siku nzima hupunguza klorini ya kawaida, ila kloramini haiondoki hivyo. Cha pili ni kifaa cha kupimia amonia, nitriti na pH. Hakina rangi wala mvuto, na mara nyingi hununuliwa baada ya vifo.

Bakuli, hita na umeme

Bakuli la duara limeuzwa kwa vizazi kama makao ya samaki wa dhahabu. Mwaka 2005 jiji la Roma lilipiga marufuku kufuga samaki kwenye bakuli la namna hiyo, na sababu zake zinaeleweka: maji ni machache, mdomo mwembamba hupitisha oksijeni kidogo, na kichujio hakina pa kukaa. Samaki wa dhahabu, aliyefugwa China kwa zaidi ya miaka 1,000, anaweza kupita sentimita 20 na kuishi miaka mingi. Mmoja aliyeitwa Tish, aliyetolewa kama zawadi kwenye maonyesho nchini Uingereza mwaka 1956, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Wanaokufa baada ya mwezi hawakufa kwa uzee.

Tangi dogo huonekana rahisi kwa anayeanza, kumbe ndilo gumu. Lita 20 huchafuka na kubadilika joto haraka. Lita 100 humpa mfugaji siku kadhaa za kugundua kosa kabla halijaua. Hata hivyo, tangi kubwa nalo lina majuto yake. Lenye urefu wa mita moja, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50 hubeba lita 200, yaani kilo 200 za maji peke yake, kabla ya kioo na mchanga. Meza ya televisheni haikutengenezwa kwa uzito huo, na kioo kikikaa pasipo usawa hupasuka kwenye kona.

Hita ni mfano mzuri wa kifaa kinachouzwa bila kuuliza mteja anaishi wapi. Maji yaliyokaa chumbani Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huwa na joto la kutosha kwa samaki wa kitropiki kwa sehemu kubwa ya mwaka, na hita iliyoharibika ikabaki imewaka inaweza kuwachemsha. Nairobi, Arusha na Mbeya mambo ni mengine, kwani usiku wa Julai hushusha joto la tangi hadi samaki wakaanza kuugua. Samaki wa dhahabu kwa upande wake ni wa maji ya baridi, na joto la pwani humchosha mwaka mzima.

Umeme nao una nafasi yake. Maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 kama 7.5 tu. Umeme ukikatika usiku wa joto, tangi lililojaa samaki huishiwa hewa upesi. Kichujio ghali cha mkebe uliofungwa huwa hatari ya ziada, maana bakteria waliomo ndani hukosa oksijeni na kufa, kisha umeme ukirudi, uchafu wao husukumwa wote tangini. Kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, pamoja na pampu ndogo ya betri ya akiba, hugharimu sehemu ndogo ya bei hiyo. Kwa mji wenye mgao wa umeme, huo ndio ununuzi wa busara zaidi, na ni ajabu jinsi unavyopendekezwa mara chache.

Wadogo wa muda

Pleko ana wenzake. Pangasi wa Mto Mekong, anayeuzwa kwa jina la papa kwa sababu ya pezi lake la mgongoni, huvutia akiwa wa sentimita 6. Vietnam humfuga kwenye mabwawa kama kitoweo, na anaweza kufika sentimita 130. Ni samaki wa kundi na wa safari ndefu mtoni, mwoga, anayekurupuka na kujigonga kwenye kioo mpaka pua inachubuka. Kambale mkia-mwekundu wa Amazon hupita mita moja. Samaki aitwaye oska hafiki huko, lakini sentimita 30 zake, pamoja na tabia ya kufukua changarawe na kumeza kila kinachoingia mdomoni, zinatosha kulifuta tangi la jamii ya samaki wadogo.

Kuna usemi madukani kwamba samaki hukua kulingana na tangi lake. Si kweli, na umeleta mateso mengi. Samaki aliyebanwa hudumaa kwa sababu ya maji machafu na mwili kukosa nafasi. Uti wa mgongo hupinda, kinga hushuka na maisha hufupishwa. Kudumaa kwake ni ugonjwa.

> Pangasi huuzwa akiwa na sentimita 6. Anaweza kufika sentimita 130.

Wageni kutoka maziwa yetu

Samaki wa maziwa makuu ya Afrika Mashariki hutafutwa na wafugaji duniani kote. Biashara ya kuwasafirisha kutoka Ziwa Nyasa ilishika kasi miaka ya 1960. Upande wa Tanganyika, Mbelgiji Pierre Brichard aliendesha yake kutoka Burundi kuanzia miaka ya 1970. Uzuri wao hauna mfano katika maji baridi, na hapohapo ndipo wanunuzi wengi walipoungua.

Chukua Melanochromis auratus, mmoja wa mbuna, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Wachanga wote na majike ni wa manjano yenye mistari myeusi, na ndio wanaong'aa kuliko wote kwenye tangi la duka. Dume akikomaa, manjano huondoka na mwili hugeuka mweusi. Hapo huanza kumiliki tangi. Ana kama sentimita 10 tu, lakini hufukuza, hung'ata mapezi na kuua samaki wanaomzidi ukubwa, hasa madume ya aina yake. Wafugaji wazoefu hutuliza mbuna kwa kurundika mawe na kuwaweka wengi pamoja ili ugomvi ugawanyike, lakini wingi huo unataka kichujio chenye nguvu na maji ya kubadilisha kila wiki. Anayenunua wawili kwa tangi la lita 60 hubaki na mmoja.

Tropheus duboisi wa Ziwa Tanganyika humkosesha mnunuzi raha kwa namna nyingine. Mchanga wake ni mweusi tii mwenye madoadoa meupe. Baada ya miezi madoa hufifia, kichwa huwa cha buluu na mkanda mweupe au wa manjano huzunguka mwili. Wapo wanaompenda zaidi hivyo. Waliolipa bei kubwa kwa ajili ya madoa huona wamepunjwa, ingawa samaki amefuata asili yake. Zito zaidi ni chakula. Tropheus huparua mwani uliofunika mawe, na utumbo wake ni mrefu kwa kazi hiyo. Akilishwa vyakula vya nyama, tumbo huvimba, huacha kula, na mara nyingi kundi zima hupotea. Nalo kundi ni lazima: wafugaji huwaweka kuanzia 12 kwenda juu, kwa kuwa wachache huuana.

Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina la Brichard, ni mpole kwa sura, mwenye mapezi marefu yenye ncha nyeupe. Jozi moja ikizaa, watoto wakubwa hubaki kuwalinda wadogo zao, na familia hupanuka hadi wapangaji wengine wote wasukumiwe pembeni na kuuawa. Kwa anayetaka kuitazama familia hiyo ikikua katika tangi la peke yake, kuna vitu vichache vya kupendeza kuliko hicho. Kilichokosewa ni kumnunua kama pambo la kuchanganywa.

Pia yuko Neolamprologus multifasciatus, asiyefika sentimita 5, anayeishi ndani ya magamba matupu ya konokono chini ya ziwa. Tangi la lita 60, mchanga laini na magamba humtosha kabisa, na maji magumu ya alkali yanayowatesa samaki wa Amazon ndiyo anayoyataka. Mfugaji wa pwani angeanza na huyu, angejiokoa na chupa zote za kushusha pH.

Kutoka Ziwa Victoria huja furu, akiwemo Pundamilia nyererei aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, dume lake likiwa jekundu mgongoni. Majike ya furu wengi hufanana kiasi kwamba hata wataalamu hukwama. Duka linapouza beseni la mchanganyiko wa samaki wa Afrika, mnunuzi hawezi kujua jike ni la nani, na aina zilizo karibu huzaliana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu furu wa Ghuba ya Mwanza ulionyesha kuwa maji yakichafuka na mwanga kubadilika, majike hushindwa kutofautisha madume kwa rangi, na aina huanza kuyeyukiana. Tangi la mchanganyiko hufanya hivyo ndani ya kizazi kimoja. Kwa samaki ambao mamia ya aina zao zilitoweka ziwani baada ya sangara kupandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, kupoteza mbegu safi hata kwenye matangi ni hasara ya kweli.

Rangi ya sindano na samaki wa chumvi

Samaki kioo wa Asia, ambaye mwili wake huonyesha ng'ambo, amekuwa akidungwa sindano ya rangi chini ya ngozi ili auzwe akiwa na mistari ya waridi au kijani. Rangi hufifia baada ya miezi kadhaa, na vidonda hufungua njia kwa maradhi. Jarida la Uingereza la Practical Fishkeeping liliendesha kampeni ndefu dhidi ya biashara hiyo. Hakuna hoja ya kuitetea, na mnunuzi anayejua asitoe hata senti.

Kwa upande wa bahari, baadhi ya vitatange wanaopamba miamba ya Unguja na Watamu hula matumbawe hai na si kingine. Kwenye tangi hufa njaa wakiwa wamezungukwa na chakula. Kununua samaki wa namna hiyo ni kulipia kifo chake.

Muuzaji na mfugaji

Wauzaji wana hoja zao. Pango la duka halisubiri, samaki wengine hufia mikononi mwao baada ya safari ndefu, na mteja anayeambiwa aondoke na tangi tupu na kurudi baada ya wiki sita huvuka barabara na kununua kwa jirani. Wengine husema mteja mwenyewe hataki kusikia, kwani ameahidi mtoto samaki leo.

Wafugaji waliopata hasara hujibu kwamba muuzaji anajua pleko atafika wapi, na mteja hajui. Wanaoshirikiana kubadilishana samaki mjini huwalaumu pia wanunuzi, kwa kuwa dakika chache za kusoma zingetosha.

Uzito wa lawama, ukipimwa kwa haki, huegemea upande wenye maarifa. Kibandiko kinachoonyesha urefu wa utu uzima, ukubwa wa tangi na chakula hakigharimu chochote cha kutaja. Kanuni za leseni zilizoanza kutumika England mwaka 2018 zinawataka wauzaji wa wanyama wa nyumbani kuwapa wanunuzi maelezo ya matunzo. Duka linaloweka kibandiko hicho kwa hiari litapoteza mauzo ya wiki moja na kupata mteja wa miaka.

Kutoka ndoo hadi mto

Majuto yakizidi, ndoo hubebwa hadi mtoni. Mtu huona amemfanyia samaki wema. Katika bwawa la Infiernillo nchini Meksiko, pleko na jamaa zake walioachiwa waliongezeka hadi kujaza nyavu za wavuvi wa perege na kuporomosha uvuvi wao. Madume huchimba mashimo kwenye kingo na kuzibomoa. Samaki-simba wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, aliyeripotiwa Florida mwaka 1985, sasa ameenea Karibi nzima akila samaki wachanga wa miamba. Mwani wa Caulerpa taxifolia ulionekana baharini Monaco mwaka 1984, chini ya jumba la makumbusho lenye akwaria, ukasambaa Mediterania.

Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria hawahitaji mfano wa mbali. Magugumaji yaliyoziba mialo yao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika Kusini, na yalisambazwa duniani kama ua zuri la kupamba mabwawa.

> Magugumaji ya Ziwa Victoria yalisambazwa duniani kama ua la kupamba mabwawa.

Hatari ni kubwa zaidi huku kuliko Ulaya. Samaki wa kitropiki aliyetupwa mtoni Uingereza kwa kawaida hufa majira ya baridi. Aliyetupwa Mto Msimbazi wa Dar es Salaam au kwenye kijito kinachoingia Ziwa Tanganyika hukuta joto alilolizoea, na huyo wa pili huishia katika ziwa ambalo samaki wake wengi hawapatikani popote pengine.

Kwa aliyekwisha kununua

Maduka kadhaa hupokea samaki aliyezidi tangi, kwa punguzo au bure, na wafugaji wa mji mmoja hubadilishana. Hoteli na shule zenye mabwawa ya zege yasiyo na njia ya kutokea mtoni huwachukua samaki wa dhahabu wakubwa. Mwenye mbuna mkorofi anaweza kumhamisha peke yake, au kupanga upya mawe yote ili mipaka ianze kugombewa upya na mnyonge apate nafasi.

Samaki mgonjwa asiyetibika hastahili kutupwa chooni akiwa hai. Mafuta ya karafuu, yenye eujenoli, humlaza na kisha kumwua bila purukushani. Matone hukorogwa kwanza katika maji ya uvuguvugu, humiminwa kidogokidogo kwenye chombo alimo, na kipimo huongezwa akishalala. Huachwa humo nusu saa baada ya matamvua kuacha kupepea, kisha hufukiwa.

Maji ya tangi humwagwa kwenye udongo wa bustani, ambako nitrati ni mbolea, mbali na mfereji. Mimea na changarawe huanikwa juani hadi vikauke kabisa, na chini ya majani hukaguliwa mayai ya konokono kabla ya chochote kupelekwa jalalani.